Chanjo za Kijana Anayekwenda Chuo: Ipi Ulipie, Ipi Uachane Nayo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mzazi huanza kuandika orodha: ada, hosteli, godoro, kompyuta mpakato. Siku hizi umeongezeka mstari mwingine, chanjo. Kliniki binafsi za mjini zinawauzia vijana chanjo moja moja au kwa kifurushi: homa ya ini B, HPV, taifodi, homa ya uti wa mgongo, pepopunda, homa ya manjano. Mzazi akijumlisha bei hizo anashika kichwa. Akiuliza ipi ni ya lazima, anaambiwa zote ni muhimu.

Ni kweli, kila moja ni muhimu kwa mtu fulani. Mwenye fedha anapaswa kujua kama mtu huyo ni mwanawe. Kwa kijana wa Kitanzania anayetoka shule ya bweni Iringa kwenda kusoma Dodoma au Morogoro, msimamo wangu ni huu: katika zile sita, mbili tu ndizo zinazoweza kustahili fedha yako, HPV na homa ya ini B, na hata hizo huenda ameshazipata. Ya pepopunda hupatikana bila kununua. Taifodi naiweka pembeni kwa sababu nitakazozieleza. Homa ya manjano na uti wa mgongo zinaamuliwa na safari. Kama hasafiri, hana haja nazo.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei popote, itafuteni kadi ya kliniki. Ile ile ya utotoni, iliyokunjwa kunjwa ndani ya bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa na cha ubatizo. Ifungueni kwenye ukurasa wa chanjo, mwangalie mstari ulioandikwa DPT-HB au PENTA. HB hapo ni homa ya ini B. Tanzania ilianza kuichanganya chanjo hiyo na ya dondakoo, kifaduro na pepopunda mwaka 2002, na Kenya ilikuwa imeanza mwaka 2001 kwa sindano moja yenye kinga tano. Maana yake ni kwamba karibu kila kijana wa miaka 17 au 18 aliyekamilisha kliniki alishachanjwa homa ya ini B mara tatu kabla hajaanza kukaa. Mstari huo ukiwa na tarehe tatu, umeshaokoa bei ya dozi tatu. Shirika la Afya Duniani halipendekezi dozi ya kuongezea nguvu kwa mtu mzima wa afya aliyemaliza tatu za utotoni.

Kadi ikipotea, jaribuni kituo alikochanjwa. Rejesta za zamani mara nyingine zipo, zimefungwa kamba juu ya kabati, na muuguzi mwenye subira akipewa mwezi na mwaka anaweza kuupata mstari wenyewe. Ikishindikana, mhesabuni kama hajachanjwa. Chanjo kurudiwa haidhuru mwili, inadhuru mfuko tu. Na kuna dozi ambazo hazimo kwenye kadi hata ikiwepo: Oktoba 2014 Tanzania ilifanya kampeni kubwa ya surua na rubela kwa watoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka 15, na Kenya ikafanya ya kwake Mei 2016. Watoto wengi walichanjwa shuleni, kadi zikiwa nyumbani.

Sasa HPV, ambako fedha nyingi hupotea bila sababu. Hii ndiyo chanjo ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Kila mwaka Tanzania inakadiriwa kupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hiyo, na zaidi ya wanawake 6,000 hufa kwayo. Serikali hutoa chanjo bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 ililenga wasichana wa miaka 14, dozi mbili zikiachana miezi sita. Aprili 2024 ikabadilishwa kuwa dozi moja kwa wote wa miaka 9 hadi 14. Kenya ilizindua ya kwake Mombasa Oktoba 2019, ikianza na wasichana wa miaka 10.

Msichana akishafikisha 15 anatoka kwenye mpango wa bure, na hapo ndipo bei binafsi inapoanza. (Kama ana mdogo wake wa miaka 13 nyumbani ambaye hajachanjwa, mpelekeni wiki hii hii. Hakuna punguzo la kliniki yoyote litakaloshinda bure.)

Mazungumzo kwenye chumba cha daktari huwa hivi. Mama ameketi, binti amesimama karibu na mlango akiangalia simu.

"Daktari, huyu ana miaka kumi na saba, kidato cha sita kamaliza. Tunataka ile ya HPV."

"Karibuni, mama. Kwa umri wake ni dozi tatu. Leo, baada ya miezi miwili, na ya mwisho mwezi wa sita."

"Na tukitaka moja?"

Daktari anasogeza karatasi mbele yake. "Moja nayo inakubalika sasa hivi kwa umri huu. Watu hawaulizi, basi."

Daktari huyo hakudanganya aliposema tatu. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la chanjo ndivyo inavyosema kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na yeye anafuata karatasi ya mtengenezaji. Lakini Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: kuanzia miaka 9 hadi 20, dozi moja inaweza kutosha badala ya mbili. Kuanzia 21 ni mbili, zikiachana miezi sita. Anayeishi na VVU ahesabiwe angalau mbili, na tatu ikiwezekana. Habari ya dozi moja haimhusu.

Ushahidi wa jambo hilo ulitoka kwetu. Utafiti wa KEN SHE uliongozwa na watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, ukahusisha wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika Kisumu, Thika na Nairobi. Waligawanywa makundi matatu: dozi moja ya HPV ya aina mbili za kirusi, dozi moja ya aina tisa, au chanjo ya uti wa mgongo kwa kulinganisha. Baada ya miezi 18, dozi moja ilizuia maambukizi mapya ya aina 16 na 18 kwa asilimia 97.5, iwe ya aina mbili au ya aina tisa. Mwanza nako, utafiti uitwao DoRIS ulifuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliopewa dozi moja, mbili au tatu. Haikuwa habari ya Ulaya iliyoletwa tukaambiwa inatufaa. Mabinti waliopimwa ni wa umri ule ule wa binti yako na wanaishi mazingira yale yale.

Tuiweke kwenye shilingi. Bei hutofautiana sana kati ya kituo na kituo, kwa hiyo nachukua namba ya mfano tu, wewe utaweka yako. Tuseme dozi moja ni shilingi 150,000, kumwona daktari 10,000, nauli ya kwenda na kurudi 4,000. Safari tatu zinakula 492,000. Safari moja, 164,000. Tofauti ni 328,000, na kwa familia yenye mabinti wawili tofauti hiyo ni ada ya mtu. Halafu kuna jambo lisilosemwa: wengi huanza ratiba ya dozi tatu, hulipa ya kwanza, fedha ikaishia hapo, wakabaki na wasiwasi kwamba wamefanya kazi bure. Hawakufanya kazi bure. Na yule binti aliyechanjwa moja shuleni akiwa na miaka 14, ya pili ikampita kwa sababu alihama shule au chanjo iliadimika, mwambieni atulie. Kwa mwongozo wa sasa amekamilika.

Chaguo la pili ni chapa. Cervarix na Cecolin zinakinga aina mbili, 16 na 18, ambazo huleta kiasi cha asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Gardasil ya kawaida inaongeza 6 na 11, zinazoleta vinyama sehemu za siri. Gardasil 9 inaongeza tano nyingine na kufikisha kinga kwenye takriban asilimia 90 ya saratani hizo. Je, ulipie ya tisa? Tofauti ya bei ikiwa ndogo, ndiyo. Ikiwa mara mbili, mimi ningechukua iliyopo, mradi friji yake ni nzuri, na ningefanya hivyo mwezi huu badala ya kusubiri fedha ya ile kubwa, kwa sababu chanjo hii inafanya kazi vizuri zaidi kabla kijana hajaanza mahusiano ya kimwili. Aliyekwisha anza bado inamfaa, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Hakuna kipimo cha kulipia kwanza kabla ya sindano. Ukiambiwa kipo, uliza ni cha nini. Kipimo halali cha mlango wa kizazi kitakuja baadaye, kuanzia miaka 30, au 25 kwa mwenye VVU, na hata aliyechanjwa atakihitaji.

Na wavulana? Chanjo inawafaa nao, kwa vinyama na kwa saratani za koo, uume na njia ya haja kubwa. Hawamo kwenye mpango wa bure, Tanzania wala Kenya. Fedha ikitosha mtu mmoja na nyumbani kuna kaka na dada ambao wote hawajachanjwa, aanze dada. Ikitosha wote wawili, vizuri.

Ukishangaa kwa nini bei ya kliniki iko mbinguni wakati serikali inaigawa bure, jibu liko kwenye mikataba. Mwaka 2013 shirika la Gavi, linalosaidia nchi zenye kipato kidogo kupata chanjo, lilipata bei ya dola 4.50 kwa dozi. Cecolin ya China ikaja na bei ya dola 2.90. Marekani, kliniki binafsi hununua dozi moja ya Gardasil 9 kwa zaidi ya dola 250. Mwagizaji binafsi wa Dar es Salaam au Nairobi hana mkataba wa Gavi. Ananunua kwenye soko la wenye nacho, kisha anaongeza usafiri wa baridi na faida yake.

Homa ya ini B ndiyo ya pili inayoweza kustahili fedha, kwa kijana ambaye kadi yake haionyeshi zile tatu, au hana kadi kabisa. Kwake agizo langu ni moja: pimeni kwanza. Kipimo cha HBsAg ni tone la damu na kijiti, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na dozi tatu. Ambaye tayari ana kirusi mwilini hafaidiki kitu na chanjo. Anahitaji daktari wa kumfuatilia, na heri ajue sasa kuliko miaka ishirini baadaye ini likiwa limeharibika. Asiyekuwa nacho anachanjwa leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita.

Kalenda ya hapa kwetu inaisaidia ratiba hiyo kama mzazi atawahi. Mtihani wa kidato cha sita unaisha Mei. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba na Novemba. Dozi ya kwanza Mei, ya pili Juni, ya tatu Novemba chuoni, na kila mji wenye chuo una kituo kinachoweza kumalizia. Anayekwenda JKT kwa mujibu wa sheria apate ya kwanza kabla ya kambi, na asijali ya pili ikichelewa. Kuchelewa hakumrudishi mwanzo. Kanuni hii ni ya thamani kuliko punguzo lolote, nayo inahusu homa ya ini B, pepopunda na HPV vilevile: ukikatisha, unaendelea pale ulipoachia. Kituo kinachotaka kuanza upya kwa sababu umepitiliza miezi miwili kinauza dozi ambazo hazihitajiki. Kwa Kenya, anayemaliza mtihani wa sekondari wa KCSE Novemba na kuingia chuo Septemba ana muda wa kumaliza zote tatu akiwa bado nyumbani.

Anayechelewa hadi wiki ya mwisho huuziwa ratiba ya haraka: siku ya kwanza, ya 7, ya 21, na nyingine baada ya miezi 12. Hesabu vizuri, hizo ni nne. Uvivu wa kuanza mapema umekugharimu dozi nzima.

Kundi moja lisifanye mzaha hapa: wanaokwenda kusomea udaktari, uuguzi, maabara, famasia. Watashika sindano zilizotumika, watashika damu, na vyuo vingi vya afya vitawadai uthibitisho. Kama alichanjwa utotoni, badala ya kununua tatu mpya apime kiwango cha kinga kwenye damu. Kikifika 10 kwa kipimo cha kawaida cha maabara, basi. Kikiwa chini, mara nyingi dozi moja ya ziada inakiinua, naye anapima tena mwezi mmoja au miwili baadaye. Na wanafunzi wanaojiunga chuo kimoja cha afya wakienda pamoja wanaweza kuomba chanjo ya kichupa cha dozi nyingi. Kwa kawaida dozi ya humo huwa nafuu kuliko sindano iliyojazwa kiwandani ya mtu mmoja. Uganda mambo ni mengine: tangu 2015 serikali imekuwa ikitoa chanjo hii bila malipo kwa vijana wakubwa na watu wazima waliozaliwa kabla ya kuingizwa kwenye ratiba ya watoto, ikianzia mikoa ya kaskazini.

Pepopunda sina mengi. Usiinunue kwenye kifurushi. Mpango wa serikali una ratiba ya dozi tano kwa wasichana na wanawake wenye umri wa kuzaa: ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita, kisha mbili zinazoachana mwaka mmoja mmoja. Kliniki ya mama na mtoto haitozi. Shida ni wavulana, ambao hakuna anayewakumbuka mpaka wakanyage msumari. Kijana wa kiume anayekwenda kufanya tohara, au anayesomea ufundi wa magari, uselemala, kilimo au mifugo, apite kituo cha afya cha serikali na kuomba sindano ya pepopunda. Akitozwa, ni ya bei ndogo kuliko zote zilizotajwa hapa.

Taifodi ndiyo ninayoiweka pembeni, na najua wapo watakaonipinga. Chanjo yenyewe si mbaya. Ile mpya, inayounganishwa na protini, ilijaribiwa Blantyre, Malawi, kwa watoto zaidi ya 28,000 kuanzia mwaka 2018, ikapunguza ugonjwa kwa takriban asilimia 80. Julai 2025 Kenya iliiingiza kwa kampeni ya watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, kwa hiyo kijana wa Kisumu au Kilifi aliyekuwa na miaka 16 wakati huo aliikosa kwa miaka miwili tu. Kinachonifanya nisite ni namna tunavyoujua ugonjwa huu. Familia nyingi zinataka chanjo kwa sababu mtoto "anasumbuliwa na taifodi kila muhula," na ukiuliza ilijulikanaje unaambiwa alipimwa Widal. Kipimo hicho kina sifa mbaya ya kumkuta na taifodi mtu ambaye hana. Homa nyingine tu, au maambukizi ya zamani, hukigeuza kuwa chanya. Yule kijana aliyetibiwa taifodi mara nne huenda hakuwahi kuugua hata moja. Kabla ya kununua chanjo, fedha hiyo hiyo ingelipia kipimo cha kuotesha damu maabara mara moja homa ikirudi, ijulikane kuna nini.

Ukiamua kuinunua, uliza ni ya aina gani. Ile ya zamani ya Vi inarudiwa kila baada ya miaka mitatu. Iliyounganishwa na protini hukaa zaidi. Huko Malawi kinga ilikuwa bado imara baada ya miaka minne, muda wa shahada nzima. Bei ya ile ya zamani ikiwa nusu ya ile mpya inaonekana nafuu mpaka uigawe kwa miaka.

Waliobaki ni wasafiri, na kwao mwamuzi halisi ni ubalozi au chuo cha huko. Mtanzania anayekwenda kusoma Kampala atadaiwa cheti cha homa ya manjano, vivyo hivyo anayekwenda Kongo. Mkenya au Mganda anayeingia Tanzania atadaiwa nacho, na ukipita Namanga hilo huhitaji kuambiwa. Dozi ni moja, na tangu 11 Julai 2016 cheti ni cha maisha yote. Anayekuambia cha mwaka 2012 kimeisha muda kwa sababu miaka kumi imepita anasoma kanuni za zamani, usilipe tena. Cheti huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa Jumatatu kwa basi la Jumatano ni kutupa fedha. Inachanjwa na vituo vilivyoidhinishwa tu, vyenye mhuri wa afya za mipakani. Kadi za njano za mtaani, zile za mhuri bila sindano, ni nafuu kweli. Ila homa ya manjano haisomi kadi, na Uganda na Kongo wamekuwa na milipuko ya kweli.

Chanjo hii ni ya kirusi hai kilichodhoofishwa, sawa na ya surua. Mbili za namna hiyo huchanjwa siku moja, au ziachane angalau wiki nne. Kwa anayekwenda Marekani hilo lina uzito, kwani vyuo vingi vya huko hudai dozi mbili za chanjo ya surua, rubela na matubwitubwi kwa pamoja. Kampeni zetu zilikuwa za surua na rubela, matubwitubwi hayamo. Kwa hiyo kadi safi kabisa ya Kitanzania bado itarudishwa. Kabla ya kulipia mbili hapa, kijana awaandikie ofisi ya afya ya chuo awaulize kama watakubali kipimo cha kinga, na kama wao wenyewe wanachanja kwa bima ya wanafunzi ambayo atalazimika kuilipa kwa vyovyote.

Uti wa mgongo una mtego unaofanana. Texas, kwa mfano, inamdai mwanafunzi mpya aliye chini ya miaka 22 awe amechanjwa ndani ya miaka mitano, angalau siku kumi kabla ya masomo. Huyo hana ujanja, anunue kabla ya kuondoka au achanjwe mara tu afikapo. Uingereza ni kinyume. Huko chanjo ya aina nne, A, C, W na Y, hutolewa bure na NHS, huduma ya afya ya umma, kwa walio chini ya miaka 25 walioikosa shuleni, wanafunzi wa kigeni wakiwemo, mradi wajiandikishe kwa daktari wa mtaa. Kuinunua Dar es Salaam halafu kufika Leeds na kukuta inagawiwa ni hasara ya bure. Ile ya aina B kwa umri huo ni ya kulipia, zaidi ya pauni 100 kwa dozi, na ni dozi mbili.

Wanaokwenda Hija au Umra wanaijua sindano hii kwa jina la "ya Makka." Saudia inadai ya aina nne, iliyochanjwa siku kumi au zaidi kabla ya kufika. Kijana anayekwenda na bibi yake aangalie maandishi kwenye cheti: ikiandikwa kuwa ni ile iliyounganishwa na protini, inatambuliwa miaka mitano. Isipoandikwa, watahesabu mitatu, hata kama ulilipia ya mitano. Mlipie anayejaza cheti dakika moja ya uangalifu.

Chanjo ya Uviko kwa kijana mwenye afya njema, isiyodaiwa na chuo wala nchi anayokwenda, mimi singeilipia. Tangu Machi 2023 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamewaweka watoto na vijana wenye afya kwenye kundi la kipaumbele cha chini. Ya kichaa cha mbwa nayo ni ya kuchanjwa mapema kwa wanaosomea mifugo na wanyamapori. Wengine wakumbuke tu kwamba waking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni friji. Bei nafuu ya chanjo iliyopata joto ni bei ghali kuliko zote, na huwezi kuijua kwa kuyaangalia maji yake. Chanjo hizi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwenye kituo cha serikali muulize muuguzi akuonyeshe kichupa: kina alama ya duara la zambarau lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukilingana nalo au ukilipita kwa weusi, isitumike. Chanjo za soko binafsi mara nyingi hazina alama hiyo, kwa hiyo omba kuona karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni mwa friji, ile inayojazwa asubuhi na jioni. Kama imejazwa mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, huku kila kisanduku kikiwa nyuzi 5 kamili, nenda kituo kingine. Kama friji yenyewe ina chupa za soda mlangoni, usiulize hata bei. Na uliza umeme ukikatika wanafanyaje. Mwenye jenereta au friji ya sola atakujibu haraka na kwa fahari.

Kabla ya kufungua pochi, taka bei iandikwe ikiwa imejumlisha kumwona daktari, sindano na cheti, kwa maana kliniki mbili zenye bei moja ya dozi zinaweza kutofautiana sana kwenye risiti. Kama familia ina bima, pigieni simu kuuliza chanjo ipi imo. Boksi lifunguliwe mbele yenu, tarehe ya kuisha isomwe kwa sauti. Kwenye kadi ya kijana iandikwe jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe na mhuri, si neno "amechanjwa" peke yake. Akitoka hapo akae dakika 15 kwenye benchi la nje, kwa sababu vijana wa umri huu huzimia baada ya sindano kuliko watoto na wazee, na wavulana warefu ndio huanguka kwa kishindo.